Betri Nne za Serikali

Wakhungu alikuwa fundi wa pampu za visima katika idara ya maji, na kwa miaka yote aliyofanya kazi Kajiado hakuwahi kurudi nyumbani na hata skrubu moja ya serikali. Mkewe, Dolphine, aliwaambia majirani jambo hilo kwa sauti ambayo huwezi kujua kama inasifu au inalalamika. "Huyu wangu," angesema akianua nguo, "hata biro ya ofisi anairudisha na kifuniko chake." Walikuwa wamepanga vyumba viwili vya mawe Kitengela, chini ya barabara ya Namanga, wakati ule ambapo mtu aliyetoka kwenda chooni alfajiri angeweza kukuta nyumbu wa mbugani wamesimama kati yake na mlango, wakimtazama kama mgeni.

Hakunywa pombe. Hakucheza karata. Kanisani alikwenda, akakaa viti vya nyuma. Kitu kimoja tu kilimtoa nyumbani akitembea upesi, nacho kilikuwa roki ya zamani, ule muziki wa magitaa ya umeme uliopigwa ng'ambo wakati yeye bado anachunga ng'ombe wa babake kule Bungoma.

Wenye ugonjwa huo Kitengela hawakuwa wengi. Katika miaka ya tisini walikutana kila Jumamosi saa tisa mchana nyuma ya buchari ya Wanjira, kwenye benchi refu lililoegemezwa ukutani, chini ya mabati. Walipaita mahakamani. Kila mmoja alikuja na kaseti yake, na kwa kuwa kaseti hizo zilikuwa zimenakiliwa kutoka kaseti nyingine, au zimenaswa redioni, majina halisi ya nyimbo yalikuwa yamepotea njiani. Kwa hiyo walizibatiza wenyewe. Kulikuwa na Mjane, kulikuwa na Tingatinga, kulikuwa na Maziwa Yamemwagika. Aliyeuleta wimbo aliitwa wakili wake, na wimbo ukishakuwa na wakili, mtu mwingine hakuruhusiwa kuutetea.

Hakimu alikuwa Wanjira mwenyewe, na alipewa kiti hicho kwa sababu moja: hakuupenda muziki ule hata kidogo. "Mimi hapa nasikia mtu anaburuta mabati," alisema. "Lakini nitawaamulia." Swali lake lilikuwa moja siku zote, na aliliuliza akiwa na kisu mkononi: "Ulikukuta wapi?" Hakutaka kujua gitaa lilipigwa na nani. Alitaka kujua wimbo ulimkuta mtu wapi, akifanya nini, akiwa na shida gani. Aliyejibu vizuri alikatiwa ubavu wa kwanza kutoka kwenye moto. Na kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote ila kila mtu aliijua: maneno ya benchi yanalala kwa benchi.

Wimbo wa Wakhungu uliitwa Reli. Ulianza kwa gitaa la mbali, kama treni ya magadi ikiwa bado nyuma ya vilima vya Kajiado, ukakaribia pole pole, ngoma ikaingia, mtu akaimba beti mbili kwa sauti ya kukwaruza, kisha akanyamaza, na gitaa likaendelea peke yake. Kaseti ilikatika kabla ya mwisho, kwa sababu siku uliponaswa redioni mtangazaji aliukatiza kwa taarifa ya habari. Na Wakhungu alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake. Kaseti ikishaanza kuzunguka aliingiza ncha ya kidole, akagusa kigurudumu, wimbo ukaenda taratibu na sauti ya mwimbaji ikazama kama ya mzee.

"Fundi, toa kidole!" Oyoo alipiga kelele. Oyoo alikuwa mwalimu wa Kiingereza na aliyajua maneno ya kila wimbo, au alidai hivyo. "Unaua mtu wa watu."

"Huu unafaa kusikizwa pole pole."

"Nani alisema? Na dakika tatu hakuna mtu anaimba. Mwimbaji alienda wapi? Alienda kukojoa?"

"Gitaa ndiyo inaimba."

"Gitaa haina mdomo."

"Mwalimu," akadakia Nashipae, aliyekuwa na duka la dawa za mifugo ng'ambo ya barabara, "hata wewe uko na mdomo na hatujaona faida." Watu wakacheka. Nashipae ndiye aliyekuwa wakili wa Tingatinga, na hoja yake haikubadilika: wimbo ambao haukanyagi chini si wimbo. "Lakini fundi pia," akaongeza, "hiyo treni yako imebeba nini? Mawe?"

"Ulikukuta wapi?" Wanjira aliuliza.

"Kajiado."

"Kajiado wapi?"

"Kajiado tu."

Kwa hivyo Wakhungu alishindwa kila Jumamosi, miaka na miaka. Ubavu wa kwanza ulikwenda kwa Ngigi.

Ngigi alikuwa na kiduka cha kutengeneza redio na kuuza kaseti. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na ulimi wake ungeweza kukausha nguo siku ya mawingu. Angeweza kuutetea wimbo aliousikia asubuhi hiyo hiyo, na Wanjira akajikuta amesahau nyama motoni. Mamake alimzaa yeye na dada zake wanne, kwao Limuru, na mara nyingi alimwambia Wakhungu, "Buda, wewe ndiye ndugu niliyookota Kitengela." Wakhungu hakujua kusema maneno kama hayo. Alijibu kwa kumtengenezea mkono wa kiti.

Kisha ikaja mvua ya El Nino, mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Udongo mweusi wa Kitengela ulifura, maji yakakosa pa kwenda, na mchana mmoja yakaingia dukani kwa Ngigi hadi magotini. Redio za wateja zilikuwa juu ya kaunta, kaseti kwenye rafu za chini, na maji yalikuwa yanapanda. Ngigi alikuja mbio mpaka kwenye karakana ya idara, amevua viatu, hasemi neno lolote la mzaha.

Wakhungu hakuomba ruhusa. Alifunga pampu ya dizeli ya serikali nyuma ya gari la serikali, akaenda nayo, na kwa saa tano akanyonya maji dukani huku wawili hao wamekaa juu ya kaunta miguu ikining'inia, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Baadaye alipewa barua ya onyo. Lakini ni pale juu ya kaunta, pampu ikinguruma, ndipo alipojikunyata na kuficha mikono kwapani.

"Una baridi?" Ngigi aliuliza.

"Nimechukua pampu nzima," Wakhungu alisema. "Kwako nimechukua pampu nzima."

"Na Mungu atakulipa."

"Hujanielewa. Ndugu yangu nilimnyima betri nne."

Akamweleza. Kakake mkubwa, Wasike, alichimba marumaru Kajiado hadi kifua kikajaa vumbi. Mwaka wa tisini na nne alikuwa amelala katika chumba alichopanga karibu na stesheni ya reli, na hakuna aliyejidanganya kwamba atainuka. Wasike ndiye aliyemfundisha roki. Mchana ule aliomba Reli. Betri za redio zilikuwa zimechoka. Wakhungu alikuwa amezianika juani, amezing'ata kwa meno, zikatoa uhai wa mwisho. Wimbo ulianza vizuri, kisha ukaanza kuzama. Sauti ya mwimbaji ikawa nzito, ikawa ya mzee, na Wasike akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Hata mzungu amechoka," alisema. Halafu kaseti ikasimama. Wasike akasema, "Weka zingine."

Ndani ya begi la Wakhungu, pale pale mguuni pa kitanda, mlikuwa na tochi kubwa ya kumulikia visima, na ndani ya tochi betri nne mpya. Alikuwa amezitilia sahihi asubuhi hiyo. Kesho yake alitakiwa Mashuuru, ambako pampu ilikuwa imekwama na ng'ombe wanakufa kwa kiu. Alilitazama begi. Akasema, "Hakuna zingine."

Wasike akageukia ukutani. Kabla jua halijashuka alikuwa ameondoka.

"Hata Dolphine hajui," Wakhungu alisema. "Anajua alikufa. Hajui nilimdanganya."

Ngigi alimshika bega, akakaa hivyo mpaka sakafu ikaonekana. "Imelala hapa," alisema, akijigusa kifuani. Na kwa miaka minne kweli ililala.

Mwaka wa elfu mbili na moja, stesheni moja mpya ya redio ya Nairobi ilianza kupiga roki ya zamani kila Jumapili alasiri. Ngigi alianza kwa kupiga simu, kama wasikilizaji wengine. Walimpenda. Baada ya miezi michache wakampa kipindi kizima, na jina, Mzee wa Nyuzi. Akafunga kiduka, akahamia nyumba nzuri huko Laiser Hill. Kitengela ilijivuna. Wanjira, ambaye bado alisikia mabati yakiburutwa, aliweka redio juu ya mizani ya nyama na kuwaambia wateja, "Huyo alikuwa anakula hapa."

Jumapili moja ya mwaka uliofuata, Dolphine alikuwa anapiga pasi na Wakhungu anatengeneza mguu wa meza. Ngigi alisema redioni, "Leo nataka kuwaambia wimbo mmoja ulinikuta wapi." Wakhungu alitabasamu. Aliweka nyundo chini, kwa sababu alifikiri anakaribia kusalimiwa.

"Ulinikuta Kajiado," sauti ikasema, "karibu na stesheni ya reli. Ndugu yangu mkubwa alikuwa anakufa."

Dolphine aliinua pasi.

Yote yalikuwemo. Vumbi la marumaru. Betri zilizoanikwa juani. Mzungu aliyechoka. Ngigi aliyasema taratibu, akipumua mahali panapofaa, vizuri kuliko Wakhungu alivyoweza kuyasema pale juu ya kaunta. Kisha ikafika kaseti kusimama. "Akaniambia, weka zingine," alisema Ngigi. "Nikafungua begi. Mlikuwa na tochi ya serikali, na mimi nilikuwa mtu mdogo wa serikali, ningefutwa. Lakini, jamani, ndugu ni ndugu. Nilitoa zile betri nne nikamwekea. Wimbo ukaisha wote. Akanishika mkono, akalala." Kisha gitaa likaanza kwa mbali.

Wakhungu aliizima redio kabla ngoma haijaingia.

"Mbona inafanana na ya Wasike?" Dolphine aliuliza.

"Zinafanana."

"Hata stesheni?"

"Kajiado watu wengi walikufa," alisema, akaokota nyundo. Dolphine alirudi kwenye nguo, lakini pasi ilikuwa imeshapoa.

Wiki nzima Wakhungu alifanya kazi kama mtu aliyepigwa kichwani. Haikuwa kwamba siri imetoka, hakuna aliyemtaja. Ilikuwa ile betri. Usiku na mchana, kwa miaka minane, alikuwa amelifungua lile begi kichwani mwake, akaitoa tochi, akaifungua, na kila mara mkono wake uligoma pale pale. Sasa mtu mwingine alikuwa amepita njia ile ile kwa wepesi, amefika mwisho, na amepewa shukrani. Aliona ni lazima aseme mwenyewe, hadharani, ilivyokuwa. Kama si hivyo, Wasike angekuwa amekufa akiwa na ndugu mwingine.

Jumamosi akaenda na kaseti. Aliingiza kidole, Oyoo akalalamika, na Wanjira akauliza kama kawaida, bila kutarajia kitu, "Ulikukuta wapi?"

Wakhungu akasimama. Hakuna aliyewahi kumwona akisimama. "Ulinikuta Kajiado," alisema, "karibu na stesheni. Ndugu yangu Wasike alikuwa..."

"Aaah, fundi!" Oyoo alishika kichwa. "Hiyo tumesikia Jumapili!"

"Ngoja nimalize."

"Umalize nini? Hiyo ni ya Ngigi. Mke wangu alilia mpaka chapati ikaungua."

"Si ya Ngigi. Ni yangu. Na hakukuwekwa betri. Nilimwambia hakuna zingine, na zilikuwako."

Nyusoni mwao hakukuwa na kile alichokingoja. Ilikuwa aibu, ile ya watu wanaomtazama mtu mzima akijaribu nguo ya mwenzake.

"Hata kama unakopi," Oyoo alisema, sasa kwa upole, ambao ulikuwa mbaya zaidi, "usiuharibu mwisho."

Nashipae alikuwa ameanza kucheka, akaona uso wa Wakhungu, akaacha. Wanjira aliweka kisu chini. Aliwaza kidogo, maana alikuwa hakimu mwenye haki. "Fundi," alisema, "miaka yote nimekuuliza na ukasema Kajiado tu. Sasa mwenzako amesema mbele ya Kenya nzima. Mimi nitaamuaje?"

Wakhungu alitoa kaseti, akaipangusa kwa ukosi wa shati, akaondoka.

Habari zilimfikia Ngigi. Jumamosi iliyofuata alikuja na gari dogo la kijivu, akaliegesha mbele ya buchari, akamngoja Wakhungu kando ya barabara. Mkononi alikuwa na diski mpya ndani ya kasha linalong'aa.

"Ndugu yangu," alisema.

"Mama yako alizaa wasichana wanne na wewe," Wakhungu alisema. "Ndugu umetoa wapi?"

Ngigi alicheka kidogo, akaona hakuna wa kucheka naye. "Sikukutaja jina, buda. Nilikulinda. Ningekutaja ungefutwa."

"Ungeacha."

"Nilikuwa na dakika kumi za kujaza na sikuwa na kitu. Unajua hiyo ni nini? Mkubwa wangu wa kazi alikuwa amesema nimeanza kurudia mambo. Nikafungua mdomo, ikatoka." Alishusha sauti. "Na hata nilikusaidia. Kwangu betri zilitoka."

"Na huyo wako alipona?"

"Nani?"

"Ndugu yako. Uliyemwekea betri."

"Hapana. Si alilala?"

"Basi zilimsaidia nini?"

Lori la saruji lilipita, wakangoja vumbi litulie. Ngigi alimnyoshea lile kasha. "Nimekuletea Reli. Safi kabisa, imetoka studio. Iko na mwisho. Wewe hujawahi kuusikia mwisho."

Wakhungu aliitazama ile diski kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba aliyowahi kuishi. "Nilikunyonyea maji," alisema. "Nikapewa barua. Hiyo barua ndiyo kitu pekee kibaya kwa faili yangu, na niliipenda. Nilikuwa nasema, angalau mara moja niliweza." Kisha akapita kando yake, akaenda hadi nyuma kwenye benchi, akamwambia Wanjira, mbele ya wote, kwamba kuanzia siku hiyo Reli haina wakili.

Wimbo usio na wakili haukupigwa pale. Haukupigwa tena kwa Wanjira. Nashipae peke yake ndiye aliyevuka barabara siku chache baadaye, akamkuta Wakhungu akisubiri gari la kazi, akasimama karibu naye. "Mimi nilikuamini," alisema. "Lakini niliamini nikiwa nimechelewa." Kwa Dolphine, Wakhungu alikiri yote kabla ya mwaka kuisha. Mkewe hakumlaumu kwa zile betri. Alilia kwa jambo jingine: "Ulimwambia mtu wa redio, mimi ukaniacha."

Miaka ikapita. Nyumbu wakapungua, majumba yakaota. Jumapili moja ya mwaka wa elfu mbili na sita aliitwa kazini kwa dharura: pampu ya Mashuuru ilikuwa imekwama tena. Stoo ya idara ilikuwa imefungwa, kwa hiyo dereva alisimamisha gari Kajiado mjini, na Wakhungu akaingia katika duka la mama mmoja aitwaye Nduta kununua betri za tochi kwa pesa zake.

Nduta aliinua kiganja kumnyamazisha. Redio ndogo ilikuwa juu ya gunia la sukari. "Ngoja kidogo, baba. Hii ni stori ya ukweli, na ni ya hapa hapa."

Sauti ya Ngigi ilikuwa imenenepa. Alipofika kwenye begi alitua kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani, na sasa tochi ilikuwa na jina la kampuni iliyoitengeneza, na ndugu alikuwa na watoto wawili. Kisha gitaa likaanza kuja kutoka mbali.

"Ulitaka nini?" Nduta alinong'ona, akijifuta jicho kwa ncha ya leso.

"Betri. Nne."

Akapapasa rafuni. "Ziko mbili tu. Zingine nimeweka kwa hii leo asubuhi." Akaigeuza redio, akaweka ukucha kwenye kifuniko cha nyuma. "Lakini wewe uko na kazi. Wacha nitoe."

"Acha," Wakhungu alisema. "Acha uishe."

Akasimama pale, mikono juu ya kaunta. Mwimbaji alimaliza beti zake kwa mwendo ambao kwa Wakhungu ulikuwa wa mbio mno. Gitaa likabaki peke yake, likapita mahali ambapo kaseti ilikatika, likaingia mahali ambapo hakuwahi kufika. Lilipanda mara moja, likasita, likaanza kushuka. Na kabla uzi wa mwisho haujanyamaza, sauti ya Ngigi ikaingia juu yake: "Pumzika, ndugu yangu."

Nduta alifungua redio, akatoa betri mbili zikiwa bado na joto, akaziweka kando ya zile mpya. Wakhungu alizishindilia zote ndani ya tochi, akabonyeza, akauangalia mwanga juu ya kiganja chake.

Nje dereva alikuwa ameshawasha injini. "Fundi," aliita, "ziko?"

"Ziko," alisema Wakhungu, akapanda.